FUNZO KWA WAPIGA DRAMU: SAUTI NDOGO NI KAZI KUBWA

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Nyakati 25:1–8, Zaburi 33:1–3, 1 Wakorintho 14:6–9.



Funzo la safari hii ni kwa ajili ya vijana wetu wanaojifunza kupiga dramu kanisani. Lakini twawaomba wazee na akina mama nao wasilipite, kwa maana tunalo neno kwa kila mmoja, na neno la kwanza latuhusu sisi wazee wenyewe.

Twaijua parishi moja ambapo kwaya ya vijana ilichanga fedha kwa muda mrefu, wakauza mahindi na kuku, hata wakapata seti ya dramu. Furaha yao ilikuwa kubwa. Jumapili ya kwanza watu walishangilia. Jumapili ya pili wakashangilia kidogo. Jumapili ya nne bibi mmoja mzee, asiyejua kusoma, alisimama baada ya ibada akasema kwa upole kwamba tangu dramu zije, hajasikia hata neno moja la wimbo. Yeye hana kitabu, wala kingekuwapo asingeweza kukisoma. Injili aliyo nayo moyoni aliipata kwa masikio, katika mahubiri na katika nyimbo. Sasa nusu ya Injili yake ilikuwa imefunikwa na kelele.

Halmashauri ya kanisa ikaketi. Shauri halikuchukua muda. Dramu zikafungiwa stoo, na ufunguo akakabidhiwa mzee wa kanisa. Nasi tulikuwa miongoni mwa walioinua mkono. Kijana aliyekuwa akipiga hakusema neno. Alitoka nje, na baada ya wiki chache hakuonekana tena katika ibada.

Baada ya mavuno tulimfuata nyumbani kwao. Alitupokea kwa heshima, akatuamkia, akatuwekea viti chini ya mti. Tulipomaliza kusema yetu, aliuliza swali moja tu: “Mzee, kabla ya kunifungia, kuna mtu aliyenionyesha namna ya kupiga taratibu?” Hatukuwa na jibu, kwa sababu hakuwapo. Tulimhukumu mtoto kwa somo ambalo hatukumfundisha.

Bibi yule alikuwa na haki ya kusikia maneno, na kijana alikuwa na haki ya kufundishwa. Funzo hili twaliandika kwa ajili yao wote wawili.

I. NENO LA MUNGU LASEMAJE?

Wako watu wasemao kwamba chombo cha kupigwa hakina heshima mbele za Mungu. Hebu tusome vizuri. Daudi alipoliweka Sanduku la Bwana hemani, alimchagua Asafu awe mkuu wa waimbaji. Naye Asafu alikuwa na chombo gani mkononi? Alipiga matoazi (1 Nyakati 16:5). Hemani na Ethani nao walipewa matoazi ya shaba (15:19). Basi wakuu watatu wa nyimbo za Israeli walikuwa wapiga matoazi, ambayo ni ndugu wa yale matoazi yaliyomo katika seti ya dramu leo. Kijana, usione haya kwa kazi yako. Ni kazi ya kale na ya heshima.

Lakini tusome na sura ya 25. Hapo twaona kwamba waimbaji walikuwa zamu 24, kila zamu watu 12, jumla yao 288, na wote walikuwa wamefundishwa. Tena walikuwa chini ya mikono ya baba zao. Kura ilipopigwa, mwalimu na mwanafunzi walisimama pamoja. Hakuna aliyesukumwa mbele za watu na kuachwa peke yake. Palikuwa na mafundi, palikuwa na wanafunzi, na palikuwa na baba aliyesimamia.

Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho juu ya maneno yasiyoeleweka, alichukua mfano wa vyombo vya muziki: kama sauti zake hazitofautiani, msikiaji atajuaje kinachopigwa? Alikuwa akisema juu ya lugha, lakini mpiga dramu auchukue mfano huo kama ulivyo. Dramu ipigwayo kwa nguvu ile ile tangu mwanzo hata mwisho haina tofauti ya sauti. Ni mvumo tu.

II. DRAMU SI MGENI KABISA KWETU

Seti ya dramu kama tuionavyo leo ilikua Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo, katika bendi za matarumbeta, mtu mmoja alipiga dramu kubwa, wa pili akapiga dramu ndogo, na mwingine matoazi. Ndipo mafundi wakatengeneza kikanyagio cha kupigia dramu kubwa kwa mguu. Kile cha William Ludwig kilipata hati mwaka 1909, kikaenea sana. Tangu hapo mtu mmoja aliyeketi aliweza kufanya kazi ya watu watatu. Katika miaka ya 1920 yakaongezwa matoazi pacha yafungwayo kwa mguu wa kushoto. Nao watu weusi, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani, walikuwa na mkono mkubwa katika kuukuza upigaji huo.

Huku kwetu dramu zilijulikana kwa njia ya bendi za askari, kisha bendi za dansi. Dar es Salaam Jazz Band, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1932. Kwa hiyo zilipoingia kanisani, wazee wengi walisikia harufu ya ukumbi wa dansi. Twawaelewa. Lakini tukumbuke kwamba hata ngoma zetu za asili zilipata shida hiyo hiyo. Katika miaka ya mwanzo ya kazi ya Injili hapa nchi ya kati, Wakristo wengi waliziona kuwa ni za pombe na za mila, wakaziacha nje ya mlango. Leo katika Dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927, na katika Dayosisi yetu ya Kondoa, iliyoanzishwa mwaka 2001, ni nani ashangaaye kuiona ngoma na kayamba kanisani? Mlango ulifunguliwa, na kanisa halikuanguka.

Tena tunao walimu karibu. Tazameni akina mama wa Kigogo wapigapo muheme. Kila mmoja huishika ngoma yake kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Mmoja hushika mapigo yasiyobadilika, mwingine hujibu, na mwingine hupamba. Hakuna agombaniaye nafasi ya mwenzake, wala ngoma haizidi wimbo. Ukiwatazama kwa makini utaona kwamba kazi yao kubwa ni kusikiliza.

Seti ya dramu ni muheme wa mtu mmoja. Mikono miwili na miguu miwili ni wapigaji wanne waliokaa katika mwili mmoja. Kila mmoja ana sehemu yake, na kila mmoja yampasa ajifunze sehemu yake kabla hawajakutana. Ukilishika neno hili, nusu ya safari umekwisha imaliza.

Watanzania wengi wamezisikia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa redioni kabla ya taarifa ya habari, pengine bila kulijua jina lake. Mzee huyo alikuwa kipofu, naye alipiga ngoma nyingi peke yake. Hakuziona, mikono yake ilijua kila moja iko wapi na yataka pigo la namna gani. Mikono haijui hivyo kwa siku moja.

III. MAFUNZO YA MIKONO NA MIGUU

Sasa tuingie kazini. Hatuhitaji seti nzima kwa kuanza. Chukua kipande cha ubao, ukigongomelee kipande cha mpira wa tairi kuukuu, ukiweke juu ya kiti au pipa. Hiyo ndiyo dramu yako ya nyumbani. Vijiti viwe sawa kwa uzito, urefu wa sentimita 40 hivi, unene kidogo kuliko kidole chako cha shahada. Ukivichonga mwenyewe, chagua mti mkavu usio na fundo.

1. Kuketi. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mgongo umenyooka, mabega yameshuka. Mapaja yainame kidogo kuelekea magotini. Kiti kikiwa kifupi mno, kiuno kitauma na mguu hautakuwa na nguvu. Mwili ukikaza, sauti nayo hukaza.

2. Kushika kijiti. Shika kijiti karibu na theluthi yake ya nyuma, kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Vidole vingine vikizunguke bila kubana. Kishike kama umshikavyo kifaranga: ukibana atakufa, ukilegeza mno atakuponyoka. Kiganja kitazame chini. Ukiona malengelenge kila siku, au mkono unauma hata kiwiko, fahamu kwamba unabana.

3. Kuacha kijiti kiruke. Dondosha kijiti juu ya mpira, ukiache kiruke chenyewe kama mpira wa miguu udundavyo, kisha ukipokee juu. Usikizuie chini. Akina mama wa muheme hawalazi kiganja juu ya ngozi, ila pale wanapotaka kuizima sauti. Hugusa na kuondoka. Mpigaji anayesukuma kijiti chini na kukikandamiza hupata kelele nyingi na sauti kidogo, na hataimaliza saa moja bila kuchoka.

4. Kimo cha kijiti. Hapa ndipo penye siri ya funzo hili. Ukubwa wa sauti hutokana hasa na kimo ambacho kijiti kinaanzia. Hasira ya mkono haihitajiki. Inua ncha ya kijiti sentimita 5 juu ya mpira, upige mara 16. Kisha sentimita 15, mara 16. Kisha sentimita 30, mara 16. Halafu urudi 15, na mwisho 5. Mwendo usibadilike hata kidogo. Wengi wakishusha sauti hupunguza mwendo, na wakipandisha sauti hukimbia. Ukiweza kupiga kwa sentimita 5 kwa dakika tatu, mapigo yote yakilingana, umeshinda jambo ambalo wapigaji wengi wa miaka mingi hawajaliweza. Yeyote aweza kupiga kwa nguvu, hata mtoto mwenye sufuria. Sauti ndogo iliyo safi ni kazi ya mkono uliofunzwa.

5. Mapigo matatu ya msingi. Mwaka 1933 wapiga dramu wa Marekani walikubaliana juu ya mapigo 13 ya lazima kwa kila mwanafunzi, na mwaka 1984 orodha ilifika mapigo 40. Wewe anza na matatu. L ni mkono wa kulia, S ni wa kushoto.

La kwanza: L S L S, L S L S.
La pili: L L S S, L L S S.
La tatu: L S L L, S L S S.

Sikiliza vizuri: mtu aliyefumba macho asiweze kujua ni mkono gani uliopiga. Mkono wa kushoto kwa wengi wetu ni mvivu. Kwa wiki nzima uanze zoezi kwa kushoto.

6. Saa ya kamba na jiwe. Mpigaji anayekimbia huwachosha waimbaji, na wenye pumzi fupi huachwa njiani. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Huanza kwa mbio na kuishiwa mapema. Dawa yake ni kujifunza pamoja na kitu kisichochoka. Siku hizi ziko simu zenye programu ya kuhesabu mapigo, na mwenye nayo aitumie. Asiye nayo achukue kamba nyembamba na jiwe dogo, aning’inize mahali pasipo upepo. Pima tangu fundo la juu mpaka katikati ya jiwe. Kamba ya sentimita 99 itakupa mapigo 60 kwa dakika, ukihesabu kila jiwe lifikapo upande mmoja na upande wa pili. Sentimita 56 ni mapigo 80. Sentimita 44 ni mapigo 90. Sentimita 25 ni mapigo 120. Lisukume jiwe kidogo tu. Hata likipunguza upana wa kubembea, muda wake haubadiliki. Anza na kamba ndefu. Usifupishe kamba mpaka zoezi liende mara kumi bila kosa.

7. Wapigaji wanne kukutana. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, bila kukoma. Kwanza mkono wa kulia peke yake juu ya matoazi pacha, mapigo mawili kwa kila hesabu. Ukitulia, ongeza mguu wa kulia juu ya dramu kubwa katika moja na tatu. Ukitulia, ongeza mkono wa kushoto juu ya dramu ndogo katika mbili na nne. Mwisho, mguu wa kushoto ukaze matoazi pacha. Jambo likivunjika, usilazimishe. Mwondoe yule mpigaji wa mwisho, uwaache waliobaki watulie, kisha umkaribishe tena.

8. Nyimbo zetu za tatu-tatu. Si kila wimbo huenda kwa nne. Nyimbo zetu nyingi za asili huenda kwa tatu na mbili kwa pamoja, na kijana aliyejifunza kwa nne tu huzivunja. Hesabu mpaka sita. Mkono wa kulia upige katika 1, 3 na 5. Wa kushoto upige katika 1 na 4. Mmoja umepiga mara tatu, wa pili mara mbili, nao wameanza pamoja na wataanza pamoja tena. Fanya polepole juu ya magoti yako hata usingizini uweze. Bibi yako akikuona atacheka, maana yeye alilijua tangu utotoni bila kuhesabu.

9. Kiasi cha mazoezi. Dakika 20 kila siku zafaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Wiki ya kwanza, mafunzo 1 hadi 4. Wiki ya pili, ongeza la 5. Wiki ya tatu, ongeza kamba na jiwe. Wiki ya nne, jaribu la 7 na la 8 kwenye seti ya kanisa, msimamizi akiwapo. Ukikosa siku moja, usijaribu kuilipa kwa kupiga saa mbili siku inayofuata. Endelea tu.

Tukumbuke pia majirani. Kondoa yetu ni mahali ambapo Wakristo na Waislamu huchota maji pamoja na kuzikana. Usifanye mazoezi ya dramu usiku wa manane, na adhana ikisikika, weka vijiti chini mpaka itakapokwisha. Jirani hahesabu ni mapigo mangapi unayajua. Anaangalia kama unamjali.

IV. NDANI YA IBADA

Kanuni ya kwanza ni hii: imba unapopiga. Si lazima kwa sauti, lakini midomo iyafuate maneno. Mpigaji asiyeyajua maneno ya wimbo hawezi kujua mahali pa kupumzika, wala mahali pa kuinuka.

Kanuni ya pili: kama humsikii mwanzilishi wa wimbo, umezidi. Kama yeye hujamsikia wewe uliye karibu, bibi aliye benchi la nyuma atamsikiaje? Ubeti upigwe kwa sentimita 5, kiitikio kwa 15. Sentimita 30 ziwe za siku ya Pasaka, na hata hapo zisiwe za wimbo wote.

Kanuni ya tatu: jua kunyamaza. Wakati wa kuungama, wakati wa maombi, na watu wanapoijongea Meza ya Bwana, mara nyingi sauti za wanadamu zatosha. Katika mazishi, uliza kwanza. Mpigaji aliyeweka vijiti magotini mwake bado yumo katika kazi, mradi anasikiliza.

Kanuni ya nne ni ya jengo. Makanisa yetu mengi yana mabati na kuta tupu, na sauti hurudi kichwani. Weka mkeka au zulia chini ya seti, iweke pembeni na si mbele ya kipaza sauti, na tandaza kitambaa chepesi juu ya dramu ndogo. Haya yatunza na masikio. Wataalamu wa afya huweka mpaka wa desibeli 85 kwa mtu afanyaye kazi saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda wa usalama hupungua nusu. Dramu ipigwayo kwa nguvu hufika desibeli 100 kwa urahisi, na hapo muda wa usalama ni robo saa tu. Sikio likifa halifufuki kwa dawa. Kijana asiyeona haya kuziba masikio yake wakati wa mazoezi ana busara kuliko rafiki zake wamchekao.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Sisi twaongeza: kabla haijapasuka yenyewe, huwapasua watu, wazee upande huu na vijana upande ule.

V. NENO KWA WAZEE WA KANISA

Ndugu wazee, tusiseme tena, “Vijana hawasikii,” kama hatujawaambia lolote. Kila parishi yenye dramu iwe na mtu mzima mmoja wa kuwasimamia wapigaji, hata kama yeye mwenyewe hajui kupiga. Kazi yake ni kuketi benchi la nyuma, kusikiliza, na kuinua mkono maneno yasiposikika. Katika bajeti ya kanisa twaweka fedha za mishumaa na divai. Tuweke pia kidogo kwa ngozi za dramu na vijiti. Na ufunguo wa stoo ukae kwa mtu anayefungua.

Tena tusiwazuie mabinti. Mwaka huu binti mmoja wa kwaya aliomba kujifunza dramu, na wako waliocheka. Tuliwauliza: muheme ni ngoma ya nani? Wakanyamaza. Binti huyo sasa anao ubao wake wa tairi, na kamba yake ya sentimita 99 imening’inia mlangoni kwa mama yake. Bado hajapiga kanisani. Hatuna haraka, naye hana.

Kuhusu kijana yule wa mwanzo, tungependa kuwaambia kwamba amerudi. Hajarudi. Alikwenda mjini kutafuta kazi, nasi twamwombea. Dramu zimetolewa stoo, lakini vijiti vyake vya kwanza bado viko juu ya rafu, nasi tumeviacha hapo ili kila kikao kivione kabla ya kupiga kura.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KWAYA NA VIKUNDI

1. Katika parishi yenu, ni nani wasioweza kusoma? Wanayasikiaje maneno ya nyimbo?
2. Someni 1 Nyakati 25:7–8. Katika kwaya yenu, ni nani mwalimu na ni nani mwanafunzi? Je, wanasimama pamoja?
3. Ni jambo gani mlilolikataza vijana kabla ya kuwafundisha?
4. Kila mpigaji ajaribu zoezi la sentimita 5 mbele ya wenzake kwa dakika moja. Wenzake waimbe ubeti mmoja bila kitabu. Maneno yalisikika?
5. Je, ni akina mama gani katika mtaa wenu wanaoweza kuwaonyesha vijana mapigo ya asili? Ni nani atakayekwenda kuwaomba?

TUOMBE

Ee Bwana, uliyetupa mikono kabla hatujajua kazi yake, utufundishe kuitumia kwa kiasi. Uwape vijana wetu uvumilivu wa kujifunza, utupe sisi wazee uvumilivu wa kufundisha, na waliotoka kwa sababu yetu uwarudishe kwa neema yako. Sauti zetu zote na zilitumikie Neno lako, hata aliye benchi la nyuma alisikie. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.